Shimo la Kona ya Tatu

Mwaka huu kamati ya maonyesho ilipanga mbio za magari saa nane mchana. Mwezi wa nane, jua la Iowa, upepo wa kusini, saa nane mchana. Jumamosi usiku walikuwa wamempa mwimbaji kutoka Nashville, kwa hiyo magari yakasogezwa mchana ili jukwaa la watazamaji lifagiliwe kabla hajafika. Aliyepigiwa simu ni mimi. Nilimwuliza aliyepiga kama amewahi kumwagilia chochote maishani mwake, hata chungu cha maua. Akasema yeye anapitisha ujumbe tu.

Naitwa Orrin Voskuil, na kazi yangu ni udongo. Kwa miaka thelathini na moja nimetengeneza njia ya magari ya mashindano kwenye uwanja wa maonyesho wa kaunti yetu ya Marden: nusu maili ya mviringo, udongo wa mfinyanzi mweusi uliochimbwa kando ya mto kabla sijazaliwa. Nina greda, haro ya kulimia, rola na boza la maji la galoni elfu nne ambalo breki zake ni za kuombea dua. Watu wakija uwanjani hudhani wamekuja kuangalia magari na madereva. Wanachoangalia ni udongo. Ukiwa na unyevu wa kutosha, magari yanapita chini, katikati na juu kabisa karibu na ukuta, matatu sambamba kwenye kona moja, na wa nne anaweza kuwa wa kwanza kabla hujameza ulichotafuna. Ukikauka, panabaki ukanda mmoja mwembamba wa kushika tairi, kule chini, na wote wanaugombania huo huo. Hapo aliyetangulia mzunguko wa kwanza ndiye atakayetangulia wa mwisho, na watazamaji wanatoa simu zao.

Miaka tisa sasa watu wanatoa simu zao. Nasema mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine.

Miaka tisa iliyopita gari la Gaylen Tiedeman liliingia kwenye shimo katika kona ya tatu, likapinduka mara sita, na Gaylen akarudi kutoka hospitali na mguu mmoja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitengeneza njia kavu. Nalima juu juu, namwaga maji kidogo, nashindilia mpaka udongo unang'aa. Njia kavu haitoki mashimo. Mbio pia haitoi, lakini hakuna anayeumia, na mimi napata usingizi.

Alhamisi kabla ya mbio, Jolene Haverkamp alikuja akasimama kwenye uzio huku mimi nimelala chini ya boza natafuta linakovuja. Jolene ni mwenyekiti wa kamati ya maonyesho. Anafuga nguruwe elfu nne na hapotezi maneno.

"Orrin, nakwambia wazi kwa sababu wewe ni mtu mzima."

"Ukianza hivyo najua hakuna jema."

"Jumanne tunapiga kura. Watatu wanataka uwanja wa mbio uondolewe, pawe maegesho na ukumbi wa harusi. Watatu wanataka ubaki. Kura ya saba ni yangu."

Nikatoka chini ya boza. Sikutaka kusikia habari hiyo nikiwa chali. "Na wewe unataka nini?"

"Nataka Jumamosi nione mbio. Basi. Nikiona tena ule msafara wa mazishi wa mwezi wa saba, nawapa hao wa harusi."

"Mmenipangia saa nane mchana."

"Najua."

"Jua la saa nane halibembelezwi, Jolene."

"Na mimi je, naonekana wa kubembelezwa?" akasema, akaenda zake kwenye banda la nguruwe.

Nilikaa kwenye ngazi ya boza. Nina miaka sitini na saba, na mgongo wangu una zaidi. Kuna siku ninatamani mtu aje aseme imekwisha, nenda nyumbani. Lakini nilipoambiwa kwamba kweli inaweza kwisha, nilijisikia kama mtu aliyeambiwa nyumba yake itavunjwa yeye akiwa bado anaogea ndani.

Kesho yake asubuhi Gaylen alikuja na kahawa na keki za mdalasini kutoka kwa mama mkwe wake. Gaylen ndiye mshika bendera wetu. Aliiomba kazi hiyo mwenyewe, mara tu alipoweza kupanda ngazi, na kila Jumamosi anajikokota hadi kwenye kibanda chake cha juu pale mstari wa kuanzia, hatua moja ya mguu wake na hatua moja ya ule anaouita mguu wa dukani. Aliketi juu ya tairi ya greda, akagonga goti la dukani kwa kikombe.

"Huu leo unasema upepo utaongezeka," akasema.

"Mguu wa plastiki hauhisi upepo."

"Umeugharimia nusu wewe? Basi usiuseme vibaya." Akanipa keki. "Nimesikia habari ya kura."

"Kila mtu amesikia."

"Sasa lima, Orrin. Inchi sita. Lima kama zamani."

"Unajua kwa nini silimi."

"Najua unavyojiambia. Mguu ulikuwa wangu, siyo wako, na mwenye mguu anakwambia lima. Mimi nimechoka kupunga bendera kwenye foleni ya benki."

Nilikula keki yote. Nikafunga haro kwenye trekta, nikashusha meno inchi sita, nikaanza kona ya kwanza. Yeye alinitazama mizunguko mitatu, kisha akaenda kazini kwake.

Ijumaa nzima nililima na kumwagilia. Maboza kumi na manne. Namwaga, naacha yanywe, napindua, namwaga tena, kwa sababu maji yasiposhuka chini ni mapambo tu. Jioni niliacha udongo umelala umefunguka, mweusi, unanuka mto. Arlys, mke wangu, alinipaka dawa ya mgongo bila kusema neno, na mtu aliyeishi na Arlys miaka arobaini anaelewa neno hilo ni lipi.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nilirudi, nikashindilia kwa rola, nikachonga kwa greda. Kisha nikafanya nilichofundishwa na aliyenitangulia: unachomeka kisu cha mfukoni kwenye udongo kila hatua hamsini. Kikigoma, pakavu. Kikizama chenyewe, pana tope. Kikiingia polepole hadi kwenye mpini na kutoka na udongo umekigandia, hapo umepata. Nilizunguka nusu maili yote kwa miguu nikichomeka kisu, na kila mahali kiliingia polepole na kutoka kimepakwa. Nilifurahi. Nilikuwa nimesahau furaha hiyo ilivyo, na ilinichosha zaidi ya haro.

Saa nne madereva walitoka kushindilia kwa magari yao, taratibu, kila mtu akizunguka ili tairi zikamilishe kazi ya rola. Hiyo ni desturi yetu, na hakuna dereva anayeipenda, maana tope lote linaruka na kuganda chini ya gari. Kassie Rausch, msichana wa miaka ishirini na tatu anayechomelea vyuma katika karakana ya baba yake, alisimamisha gari lake karibu nami akafungua kioo cha kofia.

"Mzee Orrin, hii njia au shamba la mahindi?"

"Panda juu karibu na ukuta ukanyage huko, acha maneno."

"Huko juu kutakuwa na maji mpaka mwisho?"

"Muulize udongo."

"Nimeuliza. Umenirukia usoni," akasema, akacheka, akapanda juu.

Madereva wanajua siwaambii. Mtu wa udongo hamwambii dereva njia itakuwaje. Wanashuka wenyewe, wanachuchumaa, wanakanyaga kwa kisigino, wanabonyeza kwa kidole. Hata Dewey Oolman, bingwa wa miaka sita, mkulima wa soya mwenye tumbo la kutosha kujaza kiti cha gari, alichuchumaa siku hiyo kwenye kona ya pili. Akainuka kwa kushika goti, akanitazama kwa mbali. "Umepona?" akaniuliza. Nikajifanya sikusikia.

Kwenye mazoezi ya saa tano magari yalipita kila mahali. Chini, katikati, juu. Nilisikia watu wachache waliokuwa wameshafika jukwaani wakipiga kelele kwa mazoezi tu, mazoezi ambayo hayana hata mshindi.

Kisha upepo ukaongezeka, kama mguu wa dukani ulivyosema. Kona ya tatu iko upande wa kusini, wazi, haina mti wala banda. Ilipofika saa sita ngozi yake ya juu ilikuwa imekauka, na upepo ukaanza kuinua vumbi na kulipeleka moja kwa moja jukwaani, kwenye mikate ya nyama ya nguruwe na vikombe vya maji ya limau. Jolene alitembea kuja kwangu akipangusa miwani kwa pindo la shati.

"Watu wanakula vumbi, Orrin."

"Litatulia. Magari ya kwanza yakipita mara kumi, ile ngozi inaondoka, chini kuna unyevu. Nimepima."

"Sawa. Wewe ndiye unayejua," akasema, akarudi.

Hakuniamrisha. Nataka ieleweke hivyo, kwa sababu baadaye wako waliosema ni yeye. Mimi nina sheria moja ambayo sijawahi kuivunja: siku ya jua, saa tano ikipita, boza linazimwa. Maji ya saa sita mchana hayashuki. Jua linafunga juu kabla hayajafika chini, na unabaki na ganda gumu lililokalia tope. Sheria hiyo niliwafundisha watu wa kaunti nyingine tatu. Lakini asubuhi ilikuwa imenilewesha. Niliona watu wakijifunika midomo kwa leso kwa sababu ya njia yangu, siku ambayo njia yangu ilikuwa nzuri kuliko zote kwa miaka tisa, na nilitaka Jolene aache kupangusa miwani. Nikawasha boza, nikamwaga galoni elfu nne zote kwenye kona ya tatu.

Vumbi likaisha papo hapo. Jukwaani mtu mmoja alipiga makofi.

Sasa maji hayo yalihitaji kushindiliwa. Niliwafuata madereva kwenye eneo lao, nikawaomba warudi wakanyage. Walikuwa wameshamaliza kukwangua tope, wengine wanakula.

"Mzee, nimekwangua saa nzima kwa bisibisi," Dewey akasema, mdomo umejaa mkate. "Nikirudi huko nibebe tena ratili mia za shamba lako? Hapana."

Magari mawili tu ndiyo yalikuja. Nilipita na rola mara nne, ikaanza kunata, nikaiondoa. Saa saba na nusu kona ilikuwa kavu kwa juu, laini, ya kupendeza, haina vumbi. Nilishuka nikachomeka kisu. Inchi ya kwanza kiligoma. Baada ya hapo kikazama chenyewe hadi kwenye mpini.

Nilikipangusa kwenye suruali nikakirudisha mfukoni. Nikajiambia labda ni mahali hapo tu.

Mbio za awali zilipita salama, mizunguko minane minane, na jukwaa likaendelea kujaa kwa sababu watu walisikia kelele kutoka kwenye mabanda ya mifugo wakaja kuona kuna nini. Mbio kuu ilianza saa tisa na robo, magari ishirini na mawili, mizunguko thelathini. Mimi nilikuwa mahali pangu, juu ya greda, ndani ya uwanja karibu na kona ya tatu. Mtu wa udongo hukaa hapo kwa sababu moja. Akiona njia imeharibika, anavua kofia na kuiinua juu, na mshika bendera anasimamisha mbio bila kuuliza. Kutoka kibandani kwa Gaylen kona ya tatu haionekani vizuri, ubao wa matokeo unaiziba. Anachoweza kuona vizuri ni greda, na mimi juu yake.

Sijui nikueleze vipi mbio ile. Dewey alishika chini kama kawaida yake, na Kassie akapanda juu, nyuma ya gari lake tairi zikichota udongo mbichi na kuurushia ukutani, na kila kona walitoka pamoja. Anatangulia huyu, anatangulia yule. Nyuma yao wengine watano wanafanya hivyo hivyo katikati. Mzunguko wa kumi watu wote walikuwa wamesimama. Nilimtafuta Jolene, nikamwona, safu ya tatu, amesimama juu ya benchi, mwanamke wa miaka hamsini na minane, ngumi mbili hewani. Nilifikiri, Jumanne tumeshapita.

Mzunguko wa kumi na mbili niliona doa jeusi kwenye kona ya tatu, pale katikati, mahali magari ya juu yanapokatiza kushuka. Mzunguko wa kumi na tano ganda lilikuwa limepasuka na tope linatoka. Wa kumi na saba palikuwa na shimo la ukubwa wa beseni, na kila gari lililoligusa liliruka upande mmoja na kutua.

Hapa ndipo ninapopaswa kusema jambo ambalo Arlys hajawahi kulisikia. Siku ya Gaylen pia nililiona shimo. Nililiona kabla yake. Nilikuwa nimesimama juu ya greda hili hili, kofia nimeshaivua, naishika mkononi kifuani, na watu walikuwa wamesimama hivi hivi, na mimi nikasema moyoni mzunguko mmoja zaidi. Ilikuwa njia nzuri mno. Kuiinua kofia ni kusema mbele ya watu elfu mbili kwamba njia yako imekushinda. Nikasema mmoja zaidi, na tena mmoja, na wa tatu Gaylen akaingia.

Mzunguko wa kumi na tisa Kassie alikuwa ameanza kumpita Dewey, nusu gari mbele, anashuka kutoka juu kuelekea lilipo shimo. Tairi yake ya mbele ilipita kando ya shimo kwa upana wa kiganja. Nikavua kofia nikainua.

Ninachokumbuka ni hiki: kabla mkono wangu haujanyooka, bendera nyekundu ilikuwa tayari nje.

Magari yakasimama. Jukwaa likaanza kuzomea. Sijawahi kuzomewa na watu elfu mbili, na wengi wao nawajua kwa majina, nimekula nao kanisani. Kassie alitoka kupitia dirishani, akatupa glovu juu ya gari.

"Mzee Orrin, nilikuwa nimeshampata."

"Njoo uone."

Akaja. Akaweka mguu kwenye shimo, ukazama hadi karibu na goti. Akautoa, kiatu chake cheupe cha mbio kimegeuka cheusi, akalitazama shimo muda.

"Ningelikwepa," akasema.

"Labda."

"Ningelikwepa, mzee."

"Haya, mama. Nenda kakae kwenye gari."

Kuliziba kulichukua dakika thelathini na tano. Unachimba tope lote, unajaza udongo mkavu, unashindilia, unajaza tena. Wakati huo jua na upepo vilikuwa vinafanya kazi yao kwenye sehemu nyingine zote. Tulipoanza tena, unyevu wa juu ulikuwa umekwenda, hakuna dereva aliyetaka kugusa kiraka changu, na wote wakashuka kwenye ukanda wa chini. Mizunguko kumi na moja, foleni moja. Dewey akashinda kwa kutofanya lolote. Nusu ya watu walikuwa wameshaondoka kwenda kupanga mstari wa mwimbaji.

Jolene alinikuta nikifunga rola.

"Ile ya mwanzo," akasema, "sijaona kitu kama kile tangu nikiwa msichana."

"Shimo ni langu. Nilimwaga maji saa sita. Sipaswi kumwaga maji saa sita."

"Ulimwaga kwa sababu nilikuja kulalamika."

"Nilimwaga kwa sababu nilitaka uniangalie vizuri."

Alikuwa na vumbi kwenye nyusi. "Ulifanya sawa kusimamisha," akasema. "Nakwambia hilo kwanza, ili Jumanne usifikiri sikulijua."

Nikaelewa, na nilimshukuru kwa kutonizungusha. Jumanne saa mbili usiku alinipigia simu mwenyewe. Wanne kwa watatu. Wa harusi wameshinda. Alisema haiwezekani kaunti itegemee bahati na mgongo wa mzee mmoja, na mgongo wangu ulikubaliana naye.

Walianza kuchimba mwezi wa kumi, baada ya mavuno. Nilikuwa nimejiapiza siendi. Nikaenda. Nilifungua mlango wa nyuma wa pikapu nikakaa hapo na chupa ya kahawa, nikitazama kijiko cha mtambo kikiondoa kona ya kwanza na kuimwaga kwenye malori. Baada ya muda Gaylen akafika, akajivuta akakaa kando yangu. Tulitazama kona ya kwanza yote ikiondoka. Mchimbaji akahamia upande wa pili, kwenye ya tatu.

Sikupanga kusema. Nadhani nilikuwa nimechoka kulibeba tu.

"Gaylen. Siku yako ile. Nililiona lile shimo. Mizunguko miwili kabla hujaingia."

"Mitatu," akasema.

Nikamtazama.

"Mitatu. Na mimi nililiona. Unafikiri mtu anaendesha miaka kumi na tisa asione shimo?" Alikuwa anaangalia mtambo, siyo mimi. "Nilipokuwa naingia kona, nikakutazama. Kofia unayo mkononi. Nikasema, Orrin ameliona, na hajainua, basi linapitika. Nikakanyaga mafuta."

Kahawa yangu ilikuwa imemwagika kwenye goti na sikuihisi mpaka baadaye. Nilimwomba msamaha. Nilitumia maneno machache, tena mabaya. Akasema sawa. Hakusema hakuna neno, wala usijali. Alisema sawa.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ungeacha kazi. Halafu?" Akanyoosha mguu wa dukani, akaugonga kwenye bampa kuondoa tope. "Bendera niliiomba kwa sababu kutoka kule juu nakuona wewe. Miaka tisa sijaangalia mbio hata moja, Orrin. Watu wakiniuliza Jumapili kanisani, ilikuwaje jana, nawauliza wao kwanza."

"Hata ile ya Kassie na Dewey?"

"Nasikia ilikuwa nzuri."

Kijiko cha mtambo kiliinuka na kona ya tatu ndani yake, nyeusi, inang'aa kwa unyevu. Nilifikiria zile Jumamosi zote, mimi juu ya greda langu kwenye njia kavu isiyoweza kumdhuru mtu, na huyu kule juu na mguu wake mmoja, ananitazama.

"Ulikuwa unangoja nikosee tena," nikasema.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nangoja uinue."

Akanyoosha kikombe, nikammiminia kahawa iliyobaki.